Mwaka Marekani, miaka miwili UWC, au blazi ya Rotary: mtoto wa Mwanza aende wapi?

Matokeo ya kidato cha pili yakishatoka mwezi wa kwanza, simu za wazazi zinaanza. Mtoto kafaulu vizuri, Kiingereza chake kinaeleweka, na kuna mtu kanisani au kazini kasema watoto wa sekondari huwa wanapelekwa ng'ambo bure, wanakaa na familia za huko, wanasoma mwaka mzima na kurudi. "Mwalimu, hiki kitu kipo kweli?" Kipo. Ila viko zaidi ya kimoja, havifanani, na kile kinachotajwa sana mitaani ndicho chenye mlango mgumu kuliko vyote kwa sasa.

Nafundisha sekondari huku Ilemela, na kazi ya kukaa na wanafunzi kujaza fomu za namna hii imeniangukia kwa sababu hakuna aliyeitaka. Nitoe msimamo wangu mapema ili usisome hadi chini ukiutafuta. Wazazi wengi hulinganisha nchi: Marekani au Ujerumani, Wales au Brazil. Mimi nalinganisha kidato ambacho mtoto anatokea na kidato atakachorudia. Nchi nzuri inayomrudisha mtoto katikati ya kidato cha nne, wenzake wakiwa wamebakiza miezi mitano kufanya mtihani wa NECTA, si nzuri kwake.

Zinazolinganishwa ni zipi

Ya kwanza ni YES, programu ya serikali ya Marekani iliyoanzishwa Oktoba 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi waishi na Wamarekani mwaka mmoja wa masomo. Jina lake kamili limebeba maseneta wawili, Edward Kennedy na Richard Lugar. Tanzania imo, na mwombaji si lazima awe Mwislamu. Mtoto anaishi na familia mwenyeji, anasoma sekondari ya kawaida ya mtaa ule, anafanya kazi za kujitolea, na anatakiwa kuwaeleza wenyeji habari za kwao. Mwaka ukiisha anarudi. Haongezewi hata muhula mmoja.

Ya pili ni UWC, yaani United World Colleges. Ni shule 18 zilizotawanyika duniani. Ya kwanza ilifunguliwa Wales mwaka 1962. Kule Eswatini kuna Waterford Kamhlaba, iliyoanza 1963 kwa kupokea watoto wa rangi zote wakati jirani yake Afrika Kusini inawatenganisha kwa sheria, na hapa kwetu ipo UWC East Africa yenye kampasi Moshi na Arusha, iliyojiunga na kundi hilo mwaka 2019. Kusema kweli hii si programu ya kubadilishana wanafunzi. Mtoto anahamia bwenini kwa miaka miwili na kutoka na Diploma ya IB (International Baccalaureate), cheti cha kimataifa cha kumaliza sekondari. Naiweka humu kwa sababu wazazi wanaiweka humu, na kwa sababu kwa watoto wengi wa hapa ndiyo yenye hesabu nzuri, kama nitakavyoonyesha.

Ya tatu ni mwaka wa kubadilishana wa Rotary, ule mtandao wa klabu za watu wa kujitolea, kwa vijana wa miaka 15 hadi 19. Hapa mtoto anatumwa na klabu ya kwao na kupokewa na klabu ya huko, na kwa mwaka huo mara nyingi anapita kwenye familia mbili au tatu. Anavaa blazi ambayo kufikia mwisho wa mwaka imejaa beji alizobadilishana na wenzake hadi inakuwa nzito begani. Mwanza ina Rotary. Wewe mzazi uende mwenyewe ukaulize kama mwaka huo klabu au wilaya yao inatuma vijana, maana si kila wilaya ya Rotary hufanya hivyo kila mwaka.

Kuna pia mashirika ya watu wanaojilipia, na AFS ndilo kongwe lao: lilianza 1915 kama kikosi cha Wamarekani wa kujitolea waliokuwa wakiendesha magari ya wagonjwa vitani Ufaransa, na 1947 likageukia wanafunzi. Kama una uwezo wa kulipa mwaka mzima wa ng'ambo kwa mfuko wako, huhitaji ulinganisho wangu.

Viza kwanza, kabla ya ndoto

Desemba 2025 rais wa Marekani alitia saini tangazo lililoiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizowekewa zuio la sehemu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026, viza za aina ya F, M na J kwa Watanzania zikasimamishwa pamoja na zile za matembezi. J ndiyo viza ya mwanafunzi wa kubadilishana. F ndiyo angeihitaji mtoto aliyepangiwa shule ya UWC iliyoko New Mexico. Kwa hiyo tangazo moja linagusa YES yote, kipande cha UWC, na kijana yeyote wa Rotary aliyetaka kwenda huko.

Amri kama hizi huja na kuondoka, na tovuti ya ubalozi ndiyo ya kuaminiwa, si kikundi cha WhatsApp cha darasa. Lakini angalia jinsi inavyowapata watoto tofauti. Aliyeko kidato cha kwanza leo, miaka miwili ya zuio haimwondolei kitu: anaweza kusubiri akiendelea kusoma. Aliyeko kidato cha tatu na ana miaka 17 hawezi kusubiri, kwa sababu kanuni za viza ya J kwa wanafunzi wa sekondari zinataka awe na miaka 15 hadi 18 na nusu siku programu inapoanza, na programu zenyewe hupunguza zaidi ya hapo. Huyo umri utamfungia mlango kabla wanasiasa hawajaufungua. Mtoto wa namna hiyo sitamwambia aweke matumaini yake YES. Nitampa fomu ya UWC siku hiyohiyo.

Hesabu ya vidato

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Kwetu kidato cha kwanza hadi cha nne huanza Januari. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, matokeo yanatoka Januari, na kidato cha tano kinaanza Julai. Shule za Marekani na nyingi za Ulaya zinaanza Agosti au Septemba na kufunga Juni. Kalenda hizi mbili haziingiliani, na mtoto ndiye anayelipia tofauti hiyo.

Mchukue binti wa kidato cha tatu anayeondoka Agosti. Amesoma nusu ya kidato cha tatu. Akirudi Juni inayofuata, darasa lake liko kidato cha nne, limeshasajiliwa NECTA, na liko kwenye majaribio ya kujipima kila Jumamosi. Yeye huko alikosoma amejifunza aljebra, kemia ya maabara nzuri, historia ya Marekani na labda uigizaji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosimama badala ya somo la Kiswahili, wala la Historia ya Tanzania na Maadili, wala mada za fizikia alizoziruka. Ripoti yake ya alama, hata ikiwa na A tupu, NECTA haiwezi kuihesabu kama mtihani wa kidato cha nne. Anarudi alipoachia, katikati ya kidato cha tatu, na waliokuwa nyuma yake sasa ndio wenzake wa dawati. Kwa hiyo YES au Rotary katikati ya sekondari ni mwaka mmoja unaotolewa sadaka. Wapo ambao mwaka huo uliwalipa mara kumi. Wapo pia waliorudi wakakuta shule haina nafasi ya kuwapokea, kwa sababu hakuna aliyeandika barua kabla ya kuondoka. Barua hiyo ya mkuu wa shule, inayosema mtoto anaruhusiwa kwenda na atapokelewa kidato fulani, iwe mkononi mwako kabla hujalipia hata picha za pasipoti. Kama ni shule ya serikali, fika pia kwa ofisa elimu sekondari wa halmashauri ujue utaratibu wao.

Sasa mchukue kijana anayemaliza kidato cha nne Novemba 2026. Akienda mwaka wa Rotary Agosti 2027, atarudi katikati ya 2028, na nafasi ya kidato cha tano aliyopangiwa na serikali ilishapewa mwingine zamani. Atatafuta shule binafsi au chuo. Mwaka umepotea, ila umepotea mahali pazuri zaidi: hakuna mtihani uliokatizwa katikati, na cheti cha kidato cha nne kimo kabatini.

Kijana huyohuyo akienda UWC, tazama kinachotokea. Shule nyingi za UWC zinaanza Agosti au Septemba, kwa hiyo anaingia 2027, mwezi mmoja au miwili baada ya wenzake kuripoti kidato cha tano. Mitihani ya IB ni Mei 2029. Mtihani wa kidato cha sita nao ni Mei 2029. Anamaliza pamoja nao. Hajapoteza mwaka, hajarudia darasa, na ile miezi kati ya Novemba na Julai ambayo vijana wetu huimaliza kwenye vibanda vya michezo ya kompyuta Buzuruga ameitumia kujiandaa.

Ndiyo maana nasema UWC ina hesabu nzuri. Lakini hesabu nzuri haina maana ya njia rahisi. Kwanza, kuomba kunafanyika mwaka kabla ya kuondoka, yaani mtoto anaandika insha za kamati ya taifa ya UWC akiwa kidato cha nne, wakati ambao walimu wake wote wanataka afanye kitu kimoja tu. Pili, IB ni nzito. Masomo sita kwa mpigo badala ya tahasusi ya matatu, pamoja na insha ya utafiti ya maneno 4,000 ambayo mwanafunzi anaiandika mwenyewe kwa miezi. Mtoto aliyefaulu kwa kukariri maswali ya miaka iliyopita atapata taabu muhula wote wa kwanza. Kuna faraja moja ambayo wengi hawaijui: fasihi ya Kiswahili inaweza kuchukuliwa kama somo la lugha ya kwanza kwenye IB, kwa hiyo mtoto wetu anaweza kwenda Wales akaendelea kuchambua riwaya na mashairi ya kwao.

Akirudi na Diploma ya IB, anaiombea ulinganifu NECTA ndipo aombe chuo kikuu hapa nyumbani. Ni karatasi za kushughulikia, si ukuta.

Nani analipa nini

YES inagharamia karibu kila kitu: tiketi, bima, posho ya mwezi, mafunzo ya kabla ya safari. Kuomba ni bure. Mtu akikuambia kuna ada ya kuhakikishiwa nafasi, mpe pole yeye na umpe pole aliyekuelekeza kwake. Rotary inabeba malazi, chakula na shule upande wa wenyeji. Mzazi anabeba nauli ya ndege, bima, viza, blazi na pesa ya mfukoni, na kwa familia ya mshahara wa mwalimu nauli peke yake ni mlima. UWC inaangalia uwezo wa familia: kuna wanaofadhiliwa kwa ukamilifu na kuna wanaochangia, kwa hiyo maelezo ya kipato utakayoandika kwenye fomu yawe ya kweli, maana kamati huuliza na kuuliza tena.

Hata kwenye ile ya bure kabisa, mzazi wa Mwanza ana gharama ambazo wa Dar es Salaam hazijui. Balozi ziko Dar. Usaili mwingine uko Dar. Ni ndege ya saa moja na nusu hivi au basi la mchana na usiku, wewe na mtoto, kwenda na kurudi, na wakati mwingine zaidi ya mara moja. Pasipoti yenyewe ni shilingi 150,000 bila kuhesabu fomu. Weka akiba ya mambo hayo kwanza, kisha ndipo useme kitu ni bure.

Nyumbani kwa watu, au bwenini

Tofauti hii nadhani ni kubwa kuliko ya nchi, na mtoto ndiye wa kuulizwa, si mzazi.

Kwenye YES, na kwenye programu zote za viza ya J za sekondari, familia mwenyeji hailipwi. Ni watu wameamua tu kumpokea mtoto wa mtu, kama shangazi yetu anavyompokea mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma mjini. Kabla ya hapo watu wazima wote wa nyumba hiyo wanachunguzwa rekodi zao, na mratibu wa eneo hilo anatakiwa kuwasiliana na mtoto kila mwezi. Wazazi wa mabinti huniuliza hili kuliko lolote, na wana haki. Jibu langu ni kwamba mfumo upo, lakini mfumo unamtegemea mtoto anayeweza kusema "hapa sijisikii salama" kwa mtu mzima asiyemfahamu. Binti ambaye amefundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa, huyo fanya naye kazi ya kusema kabla ya kufanya naye kazi ya Kiingereza.

Familia inamchagua mtoto kwa kusoma barua yake. Hapa ndipo ninapogombana na wanafunzi wangu kila mara. Barua zao za kwanza zote ni moja: mimi ni mchapakazi, mcha Mungu, napenda kusoma na kuangalia mpira. Huwezi kumtofautisha mmoja na mwingine. Nawarudishia na swali moja: asubuhi ya Jumamosi unafanya nini, saa ngapi, na nani? Hapo ndipo mmoja anaandika kwamba saa kumi na moja alfajiri yuko Mwaloni, Kirumba, na mama yake, anasaidia kupakua dagaa kutoka boti za visiwani, na kwamba anajua kwa kunusa tu dagaa wa jana na wa leo. Kwamba mama akishika gunia hasemi bei kwanza, anatia mkono ndani hadi kwenye kiwiko kuona kama chini wameweka walewale wa juu. Barua hiyo ina mtu ndani yake. Familia ya huko ikisoma inajua anayekuja ni nani.

Maisha yenyewe ya ndani ya nyumba yana mambo ambayo hakuna semina inayoyamaliza. Mbwa analala kwenye kochi. Baba mwenye nyumba anaitwa kwa jina lake la kwanza, na mtoto aliyekuzwa kwa shikamoo anatumia wiki nzima akikwepa kumwita kwa lolote. Hakuna anayekusukuma ule zaidi. Ukisema "hapana, asante" kwa adabu ukingoja uambiwe tena, sahani inaondolewa. Shuleni walimu wamekaa kwenye vyumba vyao na wanafunzi ndio wanaohama kila kipindi kikiisha, kinyume na kwetu. Kuendesha gari hakuruhusiwi. Kazi ya kuajiriwa haipo, zaidi ya vibarua vidogo kama kukata majani ya jirani. Na kuna giza la Novemba na Desemba, jua kuzama saa kumi na nusu jioni, ambalo mtoto aliyezaliwa karibu na ikweta hajawahi kulifikiria kama kitu kinachoweza kumliza.

Simu nayo ina hesabu yake. Saa tatu usiku Nyegezi ni saa sita mchana Chicago wakati wa baridi, mtoto yuko darasani. Wazazi wengi wanaishia kuongea naye Jumapili tu, baada ya ibada za huku na kabla ya ibada za kule. Ujerumani tofauti ni saa moja au mbili. Eswatini ni saa moja. Kwa mama mwenye presha, hilo si jambo dogo.

UWC ni kinyume chake. Ni bweni, na bweni mtoto wa Mwanza analijua. Nganza, Bwiru au Nsumba zimeshamfundisha kulinda sabuni yake. Tofauti ni kwamba chumba kimoja kina Mkolombia, Mpalestina na Mnorwe, na wote wanatafuta marafiki kwa wakati mmoja, kwa hiyo hayuko peke yake kama mgeni. Anachokosa ni kule kujua jikoni mwa nchi ile. Kijana anaweza kumaliza miaka miwili Wales akiwa anaijua dunia na haijui Wales. Kama unachotaka mtoto apate ni lugha na desturi ya taifa moja hadi ndani kabisa, familia ya YES au Rotary inamshinda mtoto wa bwenini kwa mbali. Rotary zaidi, kwa sababu Kijerumani au Kireno cha mezani mwa familia tatu tofauti hakifundishwi darasani. Lakini Rotary ndiyo inayochosha zaidi moyo: ukishazoea mama mmoja, unahama.

Watoto wetu hawaendi mikono mitupu. Kwenye YES wanatakiwa kueleza kwao, na wengi hukimbilia kueleza simba wa Serengeti ambao wenyewe hawajawahi kuwaona. Mtoto wa hapa ana Bujora na ngoma za Kisukuma, ana Jiwe la Bismarck, ana ziwa. Akipangiwa jimbo la Michigan au Wisconsin ajiandae tu: atasema kwa fahari kwamba Victoria ni kubwa, na watamwambia Superior ni kubwa zaidi. Ni kweli. Lakini Victoria linalishinda Ziwa Michigan, na hilo alijue kabla hajafika.

Na Uganda je?

Wapo wanaoniuliza kama kumpeleka mtoto bweni Masaka au Kampala hakuhesabiki. Si kubadilishana wanafunzi, ni kuhama shule. Mwaka wao unaanza Februari, mitihani yao ni ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, na cheti chake kitahitaji ulinganifu NECTA akirudi, kwa hiyo usimhamishe katikati ya ngazi. Faida yake ni moja na ni kubwa: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kungoja kivuko, unapita Geita na Bukoba hadi Mutukula kwa basi, na mzazi anaweza kufika siku ya wazazi. Kwa mtoto wa miaka 14 ningeichagua hii kabla ya yote yaliyotangulia.

Mimi ningefanyaje

Mtoto wa kidato cha kwanza au cha pili: sijazi fomu yoyote. Namfanya aandike, kila wiki, kwa Kiingereza, mambo ya kweli ya maisha yake, na naanza karatasi zake. YES naiweka macho hadi viza zieleweke.

Mtoto wa kidato cha tatu mwenye umri mdogo, miaka 15 au 16, ambaye familia haina pesa lakini iko tayari kukubali arudie mwaka: YES, kama mlango umefunguka. Kama familia haiko tayari kwa huo mwaka, wasiombe kabisa. Nimeona baba akimlaumu mtoto kwa kurudia darasa ambalo yeye mwenyewe alisaini ruhusa yake.

Mtoto wa kidato cha nne mwenye akili ya kuhoji, anayeandika bila kusukumwa: UWC, bila kusita, na asichague nchi kwa jina. Waterford ina historia ambayo shule nyingi za Ulaya hazina, na Moshi si kushindwa. Ni IB ileile, walimu wa mataifa, na nauli ya basi. Wazazi hununa ninapowaambia Moshi, kana kwamba nimempangia mtoto Magu. Wale wanaofikiria mbali zaidi, wenye kujua kwamba wahitimu wa UWC hupata ufadhili wa Davis kwenye vyuo vikuu vya Marekani, wakumbuke kuwa hiyo nayo inahitaji viza ya F.

Aliyemaliza kidato cha nne, familia ina uwezo wa nauli, na mtoto ni wa kuongea na kila mtu hadi konda wa daladala ya Igoma: Rotary. Wafahamu pia kwamba klabu inayotuma hutegemewa kupokea, kwa hiyo huenda chumba cha kijana wako kikalaliwa na mtoto wa Mbelgiji mwaka huohuo, naye atataka kujua kwa nini maji ya kuoga yako kwenye ndoo.

Na anayemtuma mtoto YES akitumaini atabaki hukohuko, aachane nalo. Washiriki waliofadhiliwa na serikali ya Marekani kwa viza ya J wanabanwa na sharti la kurudi na kukaa kwao miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi au viza za kazi za muda mrefu. Programu imejengwa juu ya kurudi.

Majina

Kazi ya leo, kwa mzazi wa mtoto wa kidato chochote, ni kutoa vyeti vyote kabatini na kuvipanga mezani: cha kuzaliwa cha RITA, cha darasa la saba, cha kidato cha pili, na vitambulisho vya NIDA vya wazazi. Soma jina herufi kwa herufi. Kwetu Usukumani tatizo hili ni la kudumu: cha kuzaliwa kinasema Ng'wandu, shule ikaandika Mwandu, na mwalimu wa darasa la saba akaongeza jina la ubatizo ambalo halipo popote pengine. Mbele ya ofisa wa viza hao ni watu watatu. Kurekebisha kunahitaji hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, mawakili na safari za ofisini, na huchukua muda mrefu kuliko muda wa kuomba programu yenyewe. Ukishayalinganisha majina yote, ndipo uende Uhamiaji kuomba pasipoti.